Baraza, Bodi na Balozi: Historia ya Ushauri wa Bure kwa Wapangaji na Wenye Nyumba katika Miji ya Pwani

Katika Kiswahili neno kodi hubeba maana mbili kwa wakati mmoja: fedha ambazo raia huilipa serikali, na fedha ambazo mpangaji humlipa mwenye nyumba mwezi unapoisha. Anayetaka kuondoa utata husema kodi ya pango, yaani malipo ya kukaa katika nyumba au chumba cha mtu mwingine, lakini mitaani neno lenyewe hutosha, na msikilizaji huelewa ni kodi ipi inayodaiwa. Historia ya upangaji katika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam imezunguka swali la nani mwenye haki ya kuingia kati pale wawili hawa wanapotofautiana, kwa gharama gani, na kwa lugha gani. Vitabu vya sheria hulijibu swali hilo kwa kuanza na amri na mabaraza yaliyoundwa na dola ya kikoloni, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mtu wa kumwendea. Ukweli ni kwamba ushauri wa bure juu ya mambo ya pango uliitangulia sheria kwa muda mrefu, na kila sheria iliyofuata ilifaa au ilishindwa kwa kadiri ilivyokaa karibu na mlango wa mwenye shida.

Mambo yote haya yalianzia katika umbo la nyumba yenyewe. Ile iliyokuja kuitwa nyumba ya Kiswahili, ambayo ilienea Ng'ambo ya Unguja, Majengo ya Mombasa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa kwa makuti na baadaye kwa mabati, na ramani yake haikubadilika sana kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mlango wa mbele hufungukia ukumbi, yaani ujia mrefu unaoipasua nyumba katikati. Kila upande wa ukumbi kuna vyumba, mara nyingi vitatu kwa vitatu. Na ukumbi huishia uani, mahali palipozungushiwa ua ambapo pana choo, pa kuogea, mafiga ya kupikia na kamba za kuanikia nguo. Mbele, chini ya upenu, kuna baraza, ambayo ni kitako cha udongo au saruji kilichojengwa sambamba na ukuta ili watu wakae. Ramani hii ilifaa ukoo mmoja, lakini iliruhusu pia kila chumba kiwe na kufuli lake na mpangaji wake, na kwa njia hiyo nyumba ikampa mwenyewe kipato bila yeye kuhama. Katika utafiti alioufanya Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957, uliochapishwa mwaka 1963, afisa wa utawala J. A. K. Leslie aliueleza mji ambao wakazi wake wengi walikaa vyumba vya kupanga katika nyumba za namna hii, huku mwenye nyumba akiishi humo humo pamoja nao. Wenye nyumba hao hawakuwa matajiri wa kuogopwa, na miongoni mwao walikuwamo wanawake watu wazima, wajane na watalaka, ambao akiba yao yote ilikuwa katika zile kuta.

Kwa kuwa mwenye nyumba na mpangaji walipishana ukumbini kila asubuhi, ugomvi wao ulichanganyika na maisha yote. Kodi iliyochelewa ilijadiliwa pamoja na zamu ya kufagia uani, maji yaliyomwagwa mahali pasipostahili, mgeni aliyelala siku nyingi kuliko ilivyokubaliwa, na saa ya kufunga mlango mkubwa usiku. Aliyeonewa, au aliyejihisi ameonewa, alimwendea mzee wa mtaa, shekhe, au jirani mwenye kauli inayosikilizwa, na shauri likasemwa pale pale barazani bila ada, na aghalabu bila karatasi. Mzee huyo hakuwa hakimu, kwa maana hakuwa na nguvu ya kumtoa mtu ndani wala ya kumlazimisha alipe, na kazi yake ilikuwa kuwapa pande zote mbili nafasi ya kurudi nyuma pasipo kuaibika: mpangaji apewe wiki mbili za kutafuta fedha, mwenye nyumba aahidi kuziba paa linalovuja. Waliohitaji neno zito zaidi walipanda kwa kadhi, anayeamua kwa sheria ya Kiislamu, ambayo ina milango mizima juu ya ijara, yaani mkataba wa kukodi kitu kwa muda na bei vinavyojulikana. Si haki, hata hivyo, kuutazama utaratibu huu kwa macho ya kuutamani tu, kwa sababu mzee wa mtaa alikuwa mara nyingi mwenye nyumba pia, na mpangaji aliyetoka bara jana, asiye na ndugu wala mtu wa kumsemea, alifika mbele ya baraza hilo akiwa nusu ameshashindwa.

Udhaifu mkubwa wa ushauri wa barazani ulionekana Unguja katika miaka ya 1920, na tukio lenyewe linastahili kuelezwa kwa utulivu. Ng'ambo, kama jina lake linavyosema, ilikuwa upande wa pili wa hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, lililoutenga Mji Mkongwe wa nyumba za mawe na mtaa wa watu wa kawaida. Baada ya hadhi ya kisheria ya utumwa kufutwa Unguja mwaka 1897, watu wengi waliotoka mashambani walijenga huko, na mwanzoni wenye ardhi hawakuwadai kitu, au waliwadai kidogo tu cha kuonyesha heshima, kwa kuwa kuwa na watu juu ya ardhi yako kulikuwa utukufu na ulinzi. Desturi ya pwani iliruhusu ardhi na jengo kuwa mali ya watu wawili tofauti, ikawa mwenye kiwanja ni mmoja na mwenye nyumba iliyosimama juu yake ni mwingine. Kwa hiyo mwanamke wa Ng'ambo aliyepangisha vyumba vinne alikuwa mwenye nyumba mbele ya wapangaji wake na mpangaji mbele ya mwenye kiwanja, akiwa mdai na mdaiwa katika mwezi ule ule. Hali hii ndiyo inayoeleza kwa nini ushauri wa pango katika miji hii haukuweza kamwe kuwa wa upande mmoja: waliouhitaji walikuwa pande zote mbili, wakati mwingine ndani ya mtu mmoja.

Mji ulipokua na thamani ya viwanja kupanda, kodi ya kiwanja nayo ilipanda, na ile heshima ya zamani ikageuka kuwa deni la kawaida la fedha. Aliyeshindwa kulipa hakupoteza chumba cha kulala peke yake. Nyumba ya miti na udongo haibebeki, na anayeambiwa aondoke kwenye kiwanja huweza kuchukua milango, boriti na mabati, lakini kuta, ambazo ndizo jasho lake, huziacha ziyeyuke mvuani. Wakazi walisema kwamba sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu ili manufaa yake yawafikie wahitaji, au ilikuwa imetolewa zamani ili watu waishi, na kwamba kuitoza kodi inayopanda kila mara ni kuvunja ahadi. Mzee wa mtaa angeweza kumtuliza mwenye kiwanja mmoja, lakini hakuwa na la kufanya mbele ya bei iliyopanda kwa wote kwa pamoja, na mwaka 1928 upinzani ukafikia mgomo: wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja. Mwaka huo huo serikali ya Unguja ilitoa amri ya kuzuia kodi ya viwanja isipandishwe kiholela. Mgomo ukaingia katika nyimbo za taarabu, zilizokuwa gazeti la wasiosoma, katika mwaka ule ule ambao Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu na mkazi wa Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri. Ni jambo la kutiliwa maanani kwamba sheria hii ya kuwalinda wapangaji ilitokana na watu waliokaa kimya siku ya kulipa, wakati wataalamu wa serikali hawakuwa wameipanga.

Wakati huo Uingereza ilikuwa tayari imepita njia inayofanana. Mwaka 1915, katikati ya vita, wanawake wa Glasgow, miongoni mwao Mary Barbour, waliongoza mgomo wa kodi dhidi ya wenye nyumba waliopandisha bei huku wanaume wakiwa vitani, na mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia ongezeko la kodi za nyumba na la riba ya rehani. Vita vya Pili vilipoijaza miji ya Afrika Mashariki askari, wafanyakazi wa bandari na watafuta kazi, serikali ya Kenya ilipitisha mwaka 1940 sheria ambayo jina lake lilikuwa karibu neno kwa neno lile la 1915. Joto la Mombasa lilionekana kabla na baada ya sheria hiyo: mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1939, na baadaye mgomo mkuu wa Januari 1947, yote miwili ilibeba malalamiko ya makazi pamoja na ya mishahara, maana kuli wa bandarini aliyelipwa kwa siku hakuona tofauti kubwa kati ya mshahara mdogo na kodi kubwa. Udhibiti huo wa dharura ukawa wa kudumu, na mwaka 1959 Kenya ikapata Sheria ya Kudhibiti Kodi, ambayo ni Sura ya 296 ya sheria zake.

Utaratibu wa sheria za namna hii unahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa ndani yake ndimo ushauri wa bure ulimoingia serikalini. Msingi wake ni kodi stahili, yaani kiwango kinachokokotolewa kutokana na kodi ambayo chumba au nyumba ilikuwa ikitozwa katika tarehe fulani iliyotajwa na sheria, na kupita hapo ni kosa. Mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji bila amri, na amri hutolewa kwa sababu zinazotajwa, kama vile malimbikizo ya kodi, usumbufu kwa majirani, au mwenye nyumba kuhitaji kukaa mwenyewe. Haruhusiwi pia kupokea kilemba, neno ambalo katika biashara ya nyumba lina maana ya fedha za pembeni anazotoa mtu ili apewe ufunguo kabla ya wengine. Mwenye nyumba anatakiwa kutunza daftari la kodi linaloonyesha kilicholipwa na lini. Chombo kinachosimamia hayo, bodi kwanza na baadaye baraza, kilipewa mamlaka ya kuchunguza lalamiko linaloletwa na mpangaji au na mwenye nyumba, na kuwa na wakaguzi wanaokwenda kuitazama nyumba kwa macho yao. Mkaguzi aliyesimama uani akahesabu vyumba, akaangalia choo, akauliza daftari liko wapi, alifanya kwa niaba ya serikali kazi ile ile iliyofanywa zamani na mzee wa barazani, ila yeye alikuwa na kalamu na nguvu ya kumwita mtu. Kesi nyingi za namna hii humalizika mtu anapoambiwa haki yake waziwazi, naye mwenzake akisikia.

Lakini sheria inaweza kufa huku ikiwa bado imeandikwa. Sura ya 296 inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake stahili haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na tarehe inayotazamwa ni 1 Januari 1981. Kiwango hicho hakikufuata bei za soko, na kwa kila mwaka uliopita vyumba vilivyobaki chini yake vikapungua, hadi mpangaji wa kawaida wa Mombasa au Nairobi akajikuta nje ya ulinzi uliotungwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Wafanyabiashara walipata bahati nzuri zaidi, kwa sababu sheria ya mwaka 1965 kuhusu maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula iliwapa baraza lao wenyewe.

Dar es Salaam ilipita njia yake. Wajerumani waliugawa mji kwa aina za majengo, mgawanyo ambao Waingereza waliuendeleza: Uzunguni, Uhindini, na nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja eneo la Waafrika, ambalo jina lake Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza. Hapa mwenye ardhi mkuu alikuwa serikali, na mwenye nyumba wa Kariakoo alilipa kodi ya kiwanja kwa dola badala ya kumlipa bwana wa mashamba, kwa hiyo maana mbili za neno kodi zilikutana katika risiti moja. Sensa ya 1957 iliukuta mji ukiwa na watu wapatao 128,000, na ile ya 1967 iliwahesabu zaidi ya 272,000, ongezeko ambalo hakuna bodi ya kodi ambayo ingeweza kulihudumia kwa wakaguzi wake wachache.

Pengo hilo lilizibwa na balozi. Kuanzia mwaka 1964 chama cha TANU kiliunda mashina ya nyumba kumi kumi, na kila shina likawa na kiongozi aliyeitwa mjumbe au balozi wa nyumba kumi. Kazi yake rasmi ilikuwa kuwaunganisha watu na chama, kueneza maazimio na kuwajua wageni, lakini kwa wananchi alikuwa kwanza mtu wa kusuluhisha. Mpangaji mpya alitambulishwa kwake, mwenye nyumba aliyetaka chumba chake alimpeleka mpangaji kwa balozi kabla ya kumpa notisi, yaani taarifa ya kuondoka yenye muda maalumu, na kodi iliyogombaniwa iliweza kuhesabiwa mezani pake usiku baada ya kazi, kwa Kiswahili ambacho wote walikielewa, bila senti moja. Hakuna chombo kilichowahi kukaa karibu zaidi na mlango wa mpangaji. Hata hivyo sikio lililosikiliza shida ya kodi lilikuwa pia sikio la chama, na mtu aliyekuwa na la kuficha, au aliyehofia kuonekana mzururaji asiye na kazi katika miaka ambayo wazururaji walikamatwa na kurudishwa vijijini, alifikiri mara mbili kabla ya kumgongea.

Mwaka 1971 serikali yenyewe ikawa mwenye nyumba mkubwa, ilipotwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia yote na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Zile nyumba za Kiswahili za miti na udongo zilibaki chini ya kiwango hicho, na katika hizo ndimo wengi walimoendelea kupanga. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984 ilianzisha mabaraza ya nyumba, yaliyokusudiwa kusikiliza kesi za pango nje ya mahakama za kawaida, na mwaka uliofuata Sheria ya Mabaraza ya Kata ikaleta chombo cha usuluhishi ambamo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Katazo hilo liliwaudhi wanasheria, lakini lilitokana na ufahamu sahihi kwamba upande unaoweza kumlipa wakili ni nadra kuwa upande wa anayedaiwa kodi ya mwezi.

Mlolongo wa mabadiliko yaliyofuata ulikwenda upande mwingine. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, balozi alibaki mtu wa chama, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anayechaguliwa na wakazi, akashika nafasi yake katika mambo ya umma. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 ilipanga ngazi mpya: baraza la kata lenye wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu wao wakiwa wanawake, na juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwaka 2005 Sheria ya Kudhibiti Kodi ikafutwa, na kwa kuifuta Tanzania Bara iliachana na dhana ya kodi stahili. Pango likabaki chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo humlinda mpangaji asiye na muda ulioandikwa kwa kumhesabu kuwa amepanga kwa vipindi vinavyolingana na malipo yake, na kumpa haki ya notisi isiyopungua kipindi kimoja. Sheria hiyo haikuweka kikomo cha kiasi anachoweza kutozwa, na desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, ikaota mizizi. Mzigo huu ni mzito mno kwa kijana anayeanza maisha kwa mshahara wa kila mwezi.

Kilichobaki imara ni ushauri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa misingi ya sheria ambao si mawakili, na kuwataka wawahudumie wasio na uwezo bila malipo. Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza la kata mamlaka ya kuamua kesi za ardhi na nyumba, yakaliachia kazi ya kusuluhisha, na kulitaka lijaribu usuluhishi ndani ya siku 30 kabla ya shauri kupokelewa wilayani. Wapo waliosikitika kwamba kata imenyang'anywa meno, lakini kwa mtazamo wa historia ndefu ya pwani kata imerudishiwa kazi ya barazani, na safari hii mlango wa baraza la wilaya hufunguka baada ya siku hizo kupita. Mwaka huo huo Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, hatua iliyochelewa sana kwa watu ambao mikataba yao ya pango imekuwa ya Kiswahili tangu siku ya kwanza.

Katika ofisi nyingi za serikali za mitaa leo, chumba kimoja chenye meza, benchi la mbao na picha ya rais ukutani, mwenyekiti huanza kwa kuomba mambo mawili, mkataba na risiti. Mkataba mara nyingi ni karatasi iliyonunuliwa stesheneri, ambayo majina na kiasi vimejazwa kwa kalamu, mashahidi wametia sahihi na muhuri wa mtaa umegongwa chini. Asiye na risiti huulizwa nani alikuwepo alipolipa, na hapo jirani wa chumba cha pili huitwa. Wakikubaliana, makubaliano huandikwa nakala tatu: moja ya mwenye nyumba, moja ya mpangaji, na ya tatu hutobolewa na kuingizwa kwenye faili la ofisi, ambalo hukaa kabatini likisubiri siku mmoja wao atakaporudi.